Ukumbi wa kwata wa Johannesburg, na watu 156 waliotiwa kizimbani humo

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Ukishuka Park Station, Johannesburg, ukakata kuelekea stendi ya Noord ambako vipanya vinajaza abiria wa kila pembe ya jiji, utapita ubavuni mwa eneo linaloitwa Drill Hall. Mimi nilipita hapo asubuhi tatu mfululizo nikifuata mzigo, begi nimelikumbatia kifuani, macho mbele. Asubuhi ya nne mzee aliyenipokea, mtu wa zaidi ya miaka sabini, akanishika kiwiko tukiwa katikati ya makelele ya honi. Akasema, "Kijana, hapa ndipo walipomweka Mandela na wenzake kwenye tundu la waya." Nikadhani anasema kwa mafumbo. Nikamwuliza, tundu gani mzee wangu? Akaanza kunieleza, na tulikokuwa tunakwenda tukafika tumechelewa sana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma kila ninachokipata juu ya jengo lile. Leo nimeona nikae niandike, kwa sababu wengi waliopita humo ndani walikuja kupita kwetu pia, na ningependa habari zake zikae pamoja kwa Kiswahili. Ni uzi mrefu, nitauweka kwa vipande.

Nianze na jengo lenyewe. Drill ni kwata. Waliopita JKT hawahitaji kuelezwa: kushoto geuka, kulia geuka, mpaka mwili unatii kabla akili haijauliza. Waingereza walianza kujenga kumbi za namna hii kwa wingi baada ya 1859, walipoingiwa na hofu kwamba Ufaransa ingewavamia. Raia wa kawaida wakaanza kujiandikisha kwa hiari kwenye vikosi vya miji yao. Tuseme ni mgambo wa kule: mchana karani au fundi, jioni anavaa sare anakwenda kushika bunduki. Sasa jioni za kule ni giza na mvua, na kiwanjani hapafai. Ndipo miji ikajenga kumbi za kwata.

Ukumbi wa aina hii una jambo moja linaloutofautisha na kumbi nyingine zote. Hautakiwi kuwa na nguzo katikati. Kikosi kikigeuka kwa pamoja, nguzo moja tu inavunja mstari mzima. Kwa hiyo paa linabebwa na kenchi ndefu kutoka ukuta hadi ukuta, chini panabaki sakafu tupu, kubwa, kama uwanja uliofunikwa. Pembeni ndiko kunakuwa na vyumba vidogo: ghala la bunduki, ofisi, mahali pa maofisa kukaa. Naomba mkumbuke hiyo sakafu tupu, maana habari yote ya uzi huu inatokana nayo.

Mtindo huo Waingereza waliusambaza kwenye makoloni. Vita vyao na Makaburu viliisha Mei 1902, na Johannesburg, mji wa dhahabu ambao ulikuwa haujafikisha hata miaka 20, ukawa mikononi mwao. Vikosi vya raia wa kujitolea vikaanzishwa hapo, Transvaal Scottish mwaka 1902, Rand Light Infantry mwaka 1905. Drill Hall ya Johannesburg ilijengwa 1904, na jirani yake kulikuwa na kiwanja cha gwaride la nje, Union Grounds. Ilikuwa nyumba ya wazungu wenye silaha katika mji ambao watu weusi waliingia kwa pasi, yaani kitambulisho cha ruhusa walicholazimishwa kubeba, na kutoka kwa amri.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, Afrika Kusini ilitoa askari wengi. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts aliwaongoza mpaka huku kwetu, wakashuka kutoka Kilimanjaro hadi Morogoro wakiwafukuza Wajerumani. Kwa hiyo kwata zilizopigwa kwenye kumbi za kule, vumbi lake lilifika huku.

Kipande cha pili kinahusu Desemba 1956. Nakuja.

#2 Mdau wa Morogoro

Mkuu, endelea. Mimi nimesoma Mazimbu, ile kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, yenye jina la Solomon Mahlangu. Tulikuwa tunalala kwenye majengo yaliyojengwa na wapigania uhuru wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, tunapita makaburi yao tukienda darasani, na wengi wetu tulimaliza miaka mitatu bila kujua walitokea wapi hasa. Tunajua "walikuwa wakimbizi". Basi. Nimeweka kambi hapa.

#3 Mleta uzi

Mdau, asante sana. Majina ya watu waliofungua njia ya Mazimbu utayakuta kwenye kipande hiki.

Alfajiri ya tarehe 5 Desemba 1956, polisi wa Afrika Kusini waligonga milango nchi nzima kwa wakati mmoja. Walikamata watu 140 siku hiyo, na siku zilizofuata wakaongeza mpaka wakafika 156. Waliokamatwa mbali, Durban, Cape Town na kwingineko, walipandishwa ndege za jeshi wakaletwa Johannesburg. Shitaka: uhaini mkubwa. Msingi wake ulikuwa Mkataba wa Uhuru uliopitishwa Kliptown tarehe 25 na 26 Juni 1955, ule unaosema Afrika Kusini ni ya wote wanaoishi ndani yake, weusi kwa weupe.

Katika hao 156, Waafrika walikuwa 105, Wazungu 23, Wahindi 21 na machotara 7. Mlikuwa na Chifu Albert Luthuli, rais wa ANC. Mlikuwa na Nelson Mandela na Oliver Tambo, mawakili wawili waliokuwa na ofisi moja mjini. Mlikuwa na Walter Sisulu, Profesa Z.K. Matthews na mwanawe Joe, Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Ahmed Kathrada, Moses Kotane, na Joe Slovo pamoja na mkewe Ruth First, ambao waliacha nyumbani watoto watatu wa kike.

Waliwekwa kwanza gereza la Fort, juu ya kilima. Wazungu walitengwa na wenzao, wanawake na wanaume mbali. Waafrika wanaume walijazwa kwenye vyumba vikubwa vya sakafu ya saruji. Humo wakaanzisha mihadhara, wakaimba, wakafundishana historia. Siku moja mshtakiwa mwenzao, M.B. Yengwa, alijifunga blanketi, akakunja gazeti likawa mkuki wake, akaanza kughani sifa za Shaka, mfalme wa Wazulu. Luthuli, mtu mzima, chifu na mhubiri, akashindwa kukaa. Akasimama akacheza. Na wote mle ndani, wa kabila lolote, wakacheza naye.

Sasa kesi ikafika, na serikali ikagundua jambo ambalo haikuwa imelipigia hesabu. Hakuna chumba cha mahakama chenye nafasi ya washtakiwa 156, mawakili wao, polisi, waandishi wa habari na ndugu. Jiji zima halikuwa nacho. Nani ana sakafu kubwa isiyo na nguzo? Jeshi.

Tarehe 19 Desemba 1956 magari ya polisi yaliyofungwa pande zote, yakisindikizwa na malori yenye askari, yaliwashusha Drill Hall. Nje umati ulikuwa umefunga barabara. Ndani, chini ya bati, hakimu akaketi. Akaanza kusoma. Hakuna aliyesikia. Ukumbi ambao ulijengwa ili sauti moja ya sajini ipigwe kwa nguvu haukuwa na kipaza sauti hata kimoja. Ikabidi shughuli isimame mpaka vipaza sauti viletwe.

Walipoendelea, washtakiwa wakakuta wamejengewa tundu. Tundu kweli, wavu wa waya kwenye fremu, kubwa la kukaa watu 156 kwenye mabenchi, na walinzi wenye silaha wamelizunguka. Wakili akitaka kuzungumza na mteja wake azungumzie kwenye matundu ya waya. Mshtakiwa mmoja aliandika karatasi akaibandika kwenye wavu: hatari, tafadhali msiwape chakula. Mawakili wa utetezi wakasimama, wakasema tundu lisipoondoka, sisi tunatoka wote. Kwanza ikatolewa sehemu ya mbele, kisha tundu lote likavunjwa.

Huku nje umati unaimba, polisi wakapiga risasi, watu wakajeruhiwa. Milio ilisikika mle ndani ya ukumbi.

#4 Wakili mstaafu

Kijana, uzi mzuri. Nikuongezee upande wa sheria, maana wengi wanadhani Drill Hall ndiko kesi ilikosikilizwa na kuamuliwa. Pale palikuwa na uchunguzi wa awali. Hakimu wa namna hiyo hasemi nani ana hatia. Kazi yake ni kupokea ushahidi wa serikali na kuangalia kama unatosha kuwapeleka watu mahakama ya juu. Kwa kawaida ni hatua ya siku chache au wiki chache. Pale ilichukua zaidi ya mwaka mmoja. Na adhabu ya juu ya kosa lile ilikuwa kifo, tusisahau hilo tunaposoma habari za kuimba na kucheza.

Jingine. Mimi nimesimama mahakamani miaka mingi, na nimeisoma habari ya lile tundu nikatulia kidogo. Sisi kwa Kiswahili mahali anaposimama mshtakiwa tunapaita kizimba. Na kizimba, kabla ya mahakama, ni banda la kufungia kuku au mnyama. Tumelizoea neno mpaka hatulisikii tena. Wale wenzetu walitiwa kwenye kizimba kwa maana zote mbili, na mawakili wao wakakataa ile maana ya kwanza. Nadhani kila wakili kijana angepaswa kuijua siku ile.

#5 Mleta uzi

Shikamoo mzee. Kuhusu kizimba sikuwa nimewaza kabisa, nimesoma mara mbili.

Niongeze la dhamana, kwa kuwa umegusa sheria. Baada ya siku chache washtakiwa wote walipewa dhamana, na kiwango kilipangwa kwa rangi. Mzungu pauni 250. Mhindi pauni 100. Mwafrika na chotara pauni 25. Watu wale wale, shitaka lile lile, karatasi moja. Serikali iliyokuwa inawashtaki kwa kusema watu wote ni sawa ilijibu hoja yao hapo hapo kwa kutaja bei ya kila mtu.

Fedha zilipatikana. Askofu Ambrose Reeves wa Johannesburg na mwandishi Alan Paton walikuwa miongoni mwa walioanzisha mfuko wa utetezi, na kule London Kanoni John Collins akachangisha. Mfuko ule wa London ulikuja kukua ukawa chombo kilichosaidia wafungwa wa kisiasa wa Afrika Kusini kwa miongo mingi.

#6 Mchangiaji mwingine

Mleta mada, bila kukuvunja moyo. Naona unalitukuza jengo. Jengo ni bati na matofali. Kama isingekuwa Drill Hall wangewapeleka uwanja wa mpira au ghala la reli, na historia ingekuwa ile ile. Watu ndio wameiandika, si ukumbi. Nauliza kwa nia njema.

#7 Mleta uzi

Mkuu, swali lako ni la haki na nimelifikiria kabla sijaandika.

Angalia hali yao kabla ya Desemba 1956. Serikali ilikuwa na silaha moja iliyokuwa ikifanya kazi vizuri mno: amri za kuzuia watu. Mandela mwaka huo huo alikuwa amepigwa amri ya miaka mitano asitoke Johannesburg wala asihudhurie mkutano. Luthuli miaka michache nyuma alikuwa amefungiwa wilayani kwake Natal. Wengine hawakuruhusiwa kukaa chumba kimoja na mwenzao wakazungumza. Ofisi ya Durban haijui ya Port Elizabeth inawaza nini. Mwafrika ana chama chake, Mhindi chake, Mzungu chake, chotara chake, na sheria imejenga ukuta katikati.

Halafu serikali hiyo hiyo inawakusanya wote, inawalipia ndege, inawaweka chini ya paa moja, inawataka wafike kila siku bila kukosa, kwa zaidi ya mwaka. Mandela alikuja kusimulia kwamba mkutano wa namna ile wao wenyewe wasingeweza kuuandaa. Wakati ushahidi unasomwa, ambao mara nyingi ulikuwa hati juu ya hati, zipatazo 12,000 kwa jumla, wao walikuwa wanasoma magazeti, wanajaza mafumbo ya maneno, wengine wanasinzia, na wengine wanapanga kazi kwa kunong'ona. Saa za mapumziko wanakula pamoja. Jioni wanatoka pamoja.

Sasa kwa nini nasema jengo lina mchango wake? Kwa sababu ya ile sakafu. Chumba cha kawaida cha mahakama kingewalazimisha kuwagawa, kumi hapa, ishirini kule, kesi tofauti, miji tofauti. Serikali ilitaka picha moja kubwa ya njama moja kubwa, na ili ipate picha hiyo ilihitaji sakafu kubwa. Ikaenda kuazima kwa jeshi. Ukumbi uliojengwa ili watu waambiwe wageuke wote upande mmoja ukawakusanya watu waliokataa kugeuka. Sidhani uwanja wa mpira ungeweza. Uwanjani hakimu angepigwa na jua wiki moja akaahirisha.

Lakini nakubaliana nawe kwamba bila watu wale ungebaki kuwa ukumbi wa bati tu.

#8 Mchangiaji mwingine

Nimekuelewa mkuu. Hoja imeingia. Haya, hizo hati 12,000 zilikuwa na nini?

#9 Mleta uzi

Nyingine zilikuwa hotuba na barua za vyama. Lakini polisi walibeba kila walichokiona. Pale Kliptown, kwenye mkutano wa 1955, akina mama wa jikoni walikuwa wameandika mabango mawili ya kuelekeza watu kwenye foleni ya chakula: moja supu yenye nyama, jingine supu isiyo na nyama. Polisi waliyachukua mabango yale. Yakaingia mahakamani kama vielelezo katika kesi ya uhaini.

Nimejaribu kumfikiria karani aliyepewa kazi ya kuyabandika namba.

Na mashahidi nao. Askari kanzu walipanda kusoma walichodai kuandika kwenye mikutano, na wakili wa utetezi Vernon Berrangé akiwabana inaonekana lugha iliyohutubiwa hawaijui vizuri. Shahidi mmoja alijitambulisha kuwa ni msomi wa chuo kikuu cha Fort Hare na wakili, akaeleza habari nzito za mipango ya Moscow. Berrangé akamfumua mpaka ikaonekana shahada hana, uwakili hana, na kifungo cha udanganyifu anacho. Kisha akaja profesa wa falsafa kutoka Cape Town, Andrew Murray, bingwa wa serikali wa kutambua maandishi ya kikomunisti. Berrangé alikuwa anamsomea kipande, yeye anasema hiki ni cha kikomunisti au si cha kikomunisti. Akasomewa kimoja, akajibu bila kusita kwamba ni ukomunisti mtupu. Wakili akamwambia kwamba hayo ameyaandika yeye mwenyewe, profesa, miaka ya 1930.

#10 Dada wa Mbeya

Kaka, umewataja Lilian Ngoyi na Helen Joseph kwa kuwapita tu, naomba niwaongezee haki yao. Tarehe 9 Agosti 1956, miezi minne kabla ya kukamatwa, wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi majengo ya serikali Pretoria kupinga wanawake kubebeshwa pasi. Viongozi wanne waliokuwa mbele walikuwa Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams. Mwafrika, Mzungu, Mhindi, chotara. Wakaacha malundo ya barua zilizosainiwa mlangoni kwa waziri mkuu, wakasimama kimya nusu saa. Fikiria watu 20,000 kimya, na watoto migongoni. Wawili kati ya wanne hao ndio waliokuja kukaa mle kizimbani Desemba, na Lilian na Helen walibaki kwenye kesi mpaka siku ya mwisho 1961.

Jambo jingine ambalo wanaume hamliandikagi. Watu 156 walikula nini mwaka mzima? Wengi walikuwa wametoka mbali, kazi wamepoteza, mjini pale hawana nyumba. Akina mama wa jamii ya Wahindi wa Johannesburg walipika na kuleta chakula cha mchana. Kila siku. Kupika sufuria la watu 156, mimi ninayepika misibani najua maana yake: unaanza usiku, unaloweka, unachambua, mgongo unauma, na kesho yake unarudia. Nayo ilikuwa kesi ya uhaini, kwa hiyo kuonekana pale tu ni kujitia hatarini.

Na kwa kuwa mimi ni wa Mbeya, niseme hili pia. Mandela alipotoroka nchini kwake Januari 1962, mji wa kwanza wa nchi huru aliofikia ulikuwa Mbeya. Alisimulia kwamba hotelini pale aliwaona watu weusi na weupe wamekaa pamoja, wanazungumza, na hajawahi kuona hivyo mahali pa umma maisha yake yote. Bibi yangu alikuwa anapenda sana kuisimulia hiyo.

#11 Mleta uzi

Dada yangu, umesema kweli na nimekubali kosa. Hilo la chakula lilistahili kuwa kwenye kipande cha kwanza kabisa. Ruth First naye nimempitia haraka. Aliuawa Maputo mwaka 1982 kwa bomu lililotumwa ndani ya bahasha.

Sasa nimalizie kesi, halafu jengo.

Desemba 1957 mashtaka dhidi ya watu 61 yalifutwa. Ajabu yake, kati ya walioachiwa ni Luthuli mwenyewe, rais wa chama, na Oliver Tambo. Januari 1958 hakimu akasema kwa wale 95 waliobaki ushahidi unatosha. Agosti 1958 kesi ikahamia Pretoria, kwenye jengo lililokuwa sinagogi. Serikali ikaitengeneza upya hati ya mashtaka, ikapunguza watu mpaka 30, na tarehe 29 Machi 1961 majaji watatu wakiongozwa na Rumpff wakawaachia wote. Hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Lakini walikuwa wametumia zaidi ya miaka minne ya maisha yao mahakamani. Ofisi ya uwakili ya Mandela na Tambo iliyumba kwa sababu mawakili wenyewe hawakuwa na siku ya kukaa ofisini.

Tambo, kwa kuwa alikuwa ameachiwa, aliondoka nchini Machi 1960 baada ya mauaji ya Sharpeville, ambako polisi waliwapiga risasi watu waliokuwa wakipinga pasi, akapitia Bechuanaland, Botswana ya leo, akafika Dar es Salaam. Mdau wa Morogoro, ndiyo hapo Mazimbu yako inapoanzia. Kambi ya wapiganaji ya Kongwa, mkutano wa ANC wa Morogoro wa 1969, shule ya Mazimbu iliyoanza 1978, yote yalijengwa chini ya uongozi wa mtu aliyekaa mle kizimbani.

Drill Hall yenyewe ikarudi kwa jeshi. Miaka ya ubaguzi ilipokuwa imekaza, eneo lile lilikuwa makao ya kamandi ya jeshi ya Witwatersrand, na tarehe 30 Julai 1987 gari lililotegwa bomu na Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, lililipuka nje yake, likajeruhi zaidi ya watu 60. Aliyelitega alikuwa kijana wa Kikaburu, Hein Grosskopf. Sina la kuongeza hapo. Waliojeruhiwa wengine walikuwa wapita njia tu, na sitaki kulisimulia kama ushindi.

Jeshi lilipoondoka miaka ya 1990, jengo likabaki bila mwenyewe. Watu wasio na makazi wakaingia. Wakagawanya nafasi kwa mbao na maboksi, wakawasha mishumaa na majiko, na moto ukatokea, watu wakafa. Hilo ndilo mzee wangu alilolisimulia kwa uchungu kuliko hata tundu la waya. Kwamba mahali palipozaa uhuru, miaka michache baada ya uhuru, watu walikuwa wanaungua humo kwa kukosa pa kulala.

Mwaka 2004 jiji likapakarabati na kupafungua kwa umma, uwanja wa katikati ukawa wazi. Wasanii wakaingia, na mwaka 2008 ikaanzishwa maktaba ya Keleketla! kwa ajili ya watoto na vijana wa mitaa ile ya katikati ya jiji, wengi wao watoto wa wahamiaji. Maktaba ndani ya ukumbi wa kwata. Nilipoisoma hiyo nilifurahi kama nimepata habari za ndugu.

#12 Mdau wa Morogoro

Mkuu, ubarikiwe. Nina swali moja la mwisho. Kuna picha moja nimeiona mara nyingi, watu wengi wamepangwa mistari kwa mistari kama picha ya shule, chini imeandikwa kesi ya uhaini. Ilipigwa mle ukumbini?

#13 Mleta uzi

Ndugu, hapana. Na picha ile ukiitazama vizuri utaona kitu.

Mpiga picha Eli Weinberg alitaka kuwapiga wote 156 kwa pamoja kwenye bustani ya Joubert Park, hatua chache kutoka Drill Hall. Msimamizi wa bustani alipojua kwamba ni watu wa rangi mbalimbali watakaopangwa pamoja, akakataa. Weinberg akawapiga makundi makundi, kisha akaziunganisha zikawa picha moja. Kwa hiyo mistari ile unayoiona haijawahi kusimama pamoja mbele ya kamera. Ameishona.

Weinberg alikimbia Afrika Kusini mwaka 1976, akaja kuishi uhamishoni Dar es Salaam. Alifia huko huko Dar mwaka 1981.